Kutoka Nyumba Kubwa Kwenda Nyumba Ndogo: Tujipange Namna Gani?



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kujenga na kuongeza. Tangi la maji, banda la kuku, nyumba ya mabati. Leo tunageuza maneno kidogo. Tunataka kuongea juu ya mtu anayetoka katika nyumba kubwa na kwenda kukaa katika nyumba ndogo ya kupanga.

Mwingine atauliza, "Hayo si mambo ya watu wa mjini?" Hapana, hata kwetu Kombewa yako. Kuna mzee ambaye lazima akae karibu na hospitali kubwa Kisumu. Kuna mfanyakazi aliyestaafu, nyumba ya kazi inatakiwa irudishwe. Kuna jamaa ambaye kodi ya nyumba kubwa imemshinda. Na kuna wenzetu wa kando ya ziwa ambao maji yalipopanda mwaka 2020 yaliingia mpaka chumbani, wakaenda kujibana katika chumba kimoja cha kupanga. Wote hawa wanabeba maisha ya nyumba kubwa na kuyaingiza katika nyumba ndogo. Wasipojipanga wanaweza kupoteza mali, afya na hata shamba.

YALIYOMPATA MAMA MMOJA

Sisi tunaoandika ukurasa huu tuko katika kikundi kimoja na mama fulani mjane. Jina lake hatutalitaja, lakini yeye mwenyewe ametuambia, "Semeni, ili wengine wajue."

Marehemu mume wake alimjengea nyumba ya vyumba vitano, ya saruji na mabati, na jikoni iko peke yake nje. Watoto sita walikulia humo. Leo wote wametoka. Kitinda mimba, ambaye kwa desturi yetu ndiye angebaki katika dala ya baba yake, anafanya kazi Nairobi.

Mama huyu ana kisukari. Akapata kidonda mguuni, ikabidi aende Kisumu kufungwa kidonda mara mbili kila wiki. Siku ya kliniki alitoka nyumbani kabla ya jua, akapanda matatu kupitia Holo na Kisian, na akarudi jioni mguu umevimba kuliko asubuhi. Watoto wakaketi, wakasema, "Mama, hii haiwezekani. Utahamia Kisumu." Kukaa kwa binti aliyeolewa haikuwezekana, kwa maana kwetu mama hakai nyumbani kwa mkwe wake. Basi wakampangia nyumba yake mwenyewe, chumba cha kulala na sebule, ghorofa ya tatu. Kodi ilikuwa nafuu kwa sababu iko juu.

Jumamosi moja wakaja na lori. Walikuwa na haraka, kwa sababu Jumatatu kila mtu anarudi kazini. Wakabeba kila kitu: viti vya sofa seti nzima, kabati ya vyombo, vitanda vitatu, meza ya watu wanane, magunia manne ya mahindi, sufuria zote mpaka ile kubwa ya matanga.

Walipofika ndipo shida ikaanza. Kiti kirefu cha sofa kilikataa kupinda kwenye kona ya ngazi. Kabati ilivutwa kwa kamba kutoka nje, vioo vikapasuka. Vitanda viwili vililala kwenye koridoo, majirani wakalalamika, na mtunza ploti akasema viondoke kabla ya usiku. Vikauzwa papo hapo kwa bei ya kutupa. Ndani, mama alipita kati ya viti kwa ubavu. Mahindi yaliwekwa chumbani karibu na kitanda, yakaingia wadudu. Na kila siku ya kliniki alishuka ngazi za ghorofa tatu kwa mguu ule ule mgonjwa, kisha akazipanda tena.

Huko nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ufunguo wa nyumba uko na nani? Kila mtoto alifikiri uko na mwenzake. Mabati mawili yaling'oka kwa upepo, mvua ikanyesha ndani. Mchwa wakapanda kwenye fremu za milango. Shemeji akaanza kufunga ng'ombe wake uani, kisha akalima mpaka akavuka mkonge wa mpaka. Watu wakaanza kusema, "Yule mama amehama." Aliposikia neno hilo alirudi, baada ya miezi mitatu, kidonda hakijapona.

Ni lazima tuseme ukweli: na sisi wa kikundi tulikosa. Tulisikia lori likipita. Tulijua anakwenda. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza, "Mama, nyumba unamwachia nani?"

NYUMBA SI DALA

Kwa Kijaluo tuna maneno mawili. *Ot* ni nyumba, na *dala* ni nyumbani. Dala ina lango lake, nyumba ya mama, *simba* za vijana, ghala, na makaburi ya waliotutangulia. Nyumba unaweza kuipanga kwa mwezi, dala huwezi.

Babu zetu walilijua jambo hili. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, watu walianza kwenda kufanya kazi kwa mshahara. Mfanyakazi alikaa katika chumba kimoja, pengine na wenzake, lakini mke, shamba na ng'ombe walibaki nyumbani. Chumba kidogo hakikumsumbua sana, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na dala kubwa yenye watu.

Wengi wetu tunakumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 Nairobi. Mjane wake alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ndugu wa marehemu na ukoo wakataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ikafika Mahakama ya Rufani, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga. Mahakamani swali moja lililobishaniwa sana lilikuwa hili: je, mahali mtu alipojenga nyumba mjini ni nyumbani kwake, ama ni nyumba tu? Hatutaki kufungua kesi hiyo tena hapa. Kuna waliofurahi na kuna waliolia. Tunaikumbusha tu ili muone kwamba kwetu neno "kuhama" si neno dogo.

Kwa hiyo anayekwenda kukaa katika nyumba ndogo ana kazi mbili, wala si moja. Ya kwanza ni kuingia katika nyumba ndogo bila kujiumiza. Ya pili ni kuiacha dala mikononi mwa mtu, ili isigeuke *gunda*. Watoto wa mama yule walifanya nusu ya kazi ya kwanza. Ya pili hawakuigusa.

KUCHAGUA NYUMBA NDOGO

Msichague nyumba kwa simu. Mmoja aende aione, na kama inawezekana yule atakayekaa humo aende pia. Ulizeni hivi:

1. Ngazi. Kwa mzee ama mgonjwa tafuta nyumba ya chini. Kodi ikizidi kidogo, hiyo ni bei ya mguu wake.

2. Mwendo. Kutoka mlangoni mpaka hospitali, soko na kanisa ni mbali gani? Nyumba ya bei nafuu iliyo mbali inakula pesa kwa matatu na pikipiki kila siku.

3. Maji. Yanatoka siku zote ama siku fulani tu? Kuna tangi? Yakipotea, mzee atachota wapi?

4. Choo. Kiko ndani ama nje? Usiku kuna taa? Ni cha kuchuchumaa ama cha kukaa? Kwa mwenye magoti mabaya hili ni jambo kubwa.

5. Umeme. Mita ni yako peke yako ama mnachangia? Kama ni ya tokeni, hakikisha mpangaji aliyetoka hakuacha deni, kwa maana linaweza kukatwa katika pesa zako.

6. Pesa. Kodi ni ngapi, dipoziti ni ngapi, takataka na mlinzi vinalipwa na nani? Dipoziti inarudishwa kwa masharti gani? Yaandikwe. Kila malipo yawe na risiti, ama ujumbe wa M-Pesa ambao hamfuti.

Hapa tupige hesabu pamoja. Tuseme kodi ni Sh. 6,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 72,000. Ongeza dipoziti ya mwezi mmoja, inakuwa Sh. 78,000, kabla ya chakula. Tena kumbuka kwamba nyumbani kuni, mboga na mahindi vilitoka shambani, na maji yalitoka kisimani. Mjini vyote ni vya kununua. Kwa hiyo watoto wasiseme tu "tutasaidiana." Waandike: huyu analipa kodi, yule analipa chakula na tokeni, mwingine dawa na nauli. Ahadi ambayo haijaandikwa huchoka mwezi wa tatu.

KUPIMA NA KUGAWA VITU

Mpimaji mzuri ni kamba. Nenda na kamba katika nyumba mpya. Pima urefu wa chumba, funga fundo. Pima upana, funga fundo. Usisahau upana wa mlango na wa kona ya ngazi. Rudi na kamba hiyo nyumbani, kisha chora chumba chote uani kwa majivu, na mlango wake na dirisha lake. Sasa toa kitanda, kiweke ndani ya mstari. Toa kiti. Toa meza. Utaona mwenyewe kinachoingia na kinachokataa, na hapo hakuna mtu wa kugombana naye. Acha njia ya kupita ya hatua moja kamili kutoka kitandani mpaka mlangoni, kwa sababu mzee huamka usiku.

Baada ya hapo gawa vitu mafungu manne:

- Vinavyokwenda. Kitanda kimoja kizuri, godoro, neti ya mbu, nguo, vyombo vya watu watatu ama wanne, na kiti kimoja ama viwili. Neti usiiache. Ukanda huu wa ziwa una malaria nyingi, na Kisumu mbu wapo vilevile.

- Vinavyobaki. Kitanda cha pili, meza kubwa, jembe, pipa. Dala isibaki tupu, kwa maana mwenyewe atarudi kulala huko.

- Vya kupeana. Kama kitu utampa mtoto ama mjukuu siku moja, mpe sasa ukiwa hai na mbele ya wengine. Inazuia maneno baadaye.

- Vya kuuza. Uza mapema, kwa utulivu, ukiwa bado nyumbani. Anayeuza akiwa amesimama kando ya lori hana bei.

Kuna na mfuko mmoja mdogo ambao haupandi lori kamwe. Ndani yake kuna kitambulisho, hati ya shamba, cheti cha kifo cha mume ama mke, kitabu cha kliniki, dawa, namba za simu kwenye karatasi, na picha mbili tatu za jamaa. Mfuko huo anaushika mwenyewe mkononi.

Tunaomba watoto watusikilize hapa. Mwenye kuchagua ni mwenye vitu. Kijana anaona kiti kibovu. Mama anaona mahali mume wake alikaa akisikiliza redio jioni. Mama yetu yule, tulipomwuliza mara ya pili anataka nini, hakutaja sofa wala kabati. Alitaka kiti kimoja cha mbao cha marehemu. Watoto walishangaa, kwa sababu safari ya kwanza kiti hicho ndicho kitu pekee walichokiacha.

DALA INAYOBAKI

Nyumba isiyokaliwa huharibika haraka kuliko inayokaliwa. Nyumba ya udongo haipakwi samadi tena, moshi wa jikoni uliofukuza wadudu umezimika, na mchwa hawana mtu wa kuwavunjia njia zao. Hata ya saruji inataka kufunguliwa madirisha, na mtu wa kuona bati likilegea kabla mvua haijaingia. Basi kabla ya kuondoka:

1. Ufunguo uwe na mtu mmoja anayejulikana, na watoto wote wamjue. Ufunguo wa pili ukae na mwenye nyumba.

2. Tafuta mtu wa kulala ndani ya dala, hata kama ni katika simba. Akiwasha moto jioni, watu wanajua kuna mtu.

3. Mifugo ihesabiwe na iandikwe. Kuku wauzwe ama wagawiwe. Ng'ombe akiachwa kwa jirani, mwelewane ndama ni wa nani na maziwa ni ya nani.

4. Shamba lisibaki pori. Lakini anayelima alime kwa ruhusa iliyoandikwa.

Neno hili la kuandika tunataka lieleweke vizuri. Katika sheria ya Kenya, mtu akikalia ardhi ya mwingine wazi wazi, bila ruhusa, kwa miaka 12 mfululizo, anaweza kwenda mahakamani kudai kwamba imekuwa yake. Lakini aliyekaa kwa ruhusa yako hawezi kusema alikaa bila ruhusa. Kwa hiyo karatasi ya ruhusa inawalinda wote wawili. Si lazima iwe ya Kiingereza. Inaweza kusema hivi:

"Mimi (jina na namba ya kitambulisho) nimemruhusu (jina na namba ya kitambulisho) kulima kipande cha shamba langu kilicho (mahali), kuanzia (tarehe) mpaka (tarehe). Sijamwuzia. Muda ukiisha ataniachia." Kisha sahihi ama kidole cha kila mmoja, mashahidi wawili, na mzee wa kijiji awepo. Nakala mbili.

Kwa wajane kuna jambo moja zaidi. Mara nyingi hati ya shamba bado iko kwa jina la marehemu, ama hata la babu. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, ambayo imetumika tangu 1981, inasema mali ya marehemu haiguswi na mtu asiye na ruhusa ya sheria. Hakuna wa kuiuza wala kuigawa kabla mahakama haijatoa barua ya usimamizi na kuithibitisha. Anayeingilia anaweza kutozwa faini mpaka Sh. 10,000, ama kifungo mpaka mwaka mmoja, ama vyote viwili. Na kwenda kutibiwa mjini hakumwondolei mjane haki yake katika mali ya mume wake. Kama hamjafungua shauri la urithi, anzeni kwa chifu mpate barua inayotaja warithi, mwende nayo mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Afadhali kazi hiyo ianze kabla ya kuhama kuliko baada ya ugomvi.

WIKI ZA KWANZA KATIKA NYUMBA NDOGO

Hatari kubwa tunayotaka kuwaonya ni jiko la makaa. Nyumbani tulipika katika jiko la nje, upepo unapita. Mjini mtu anapikia ndani, kisha kwa sababu ya baridi ya mvua analiacha jiko linawaka, anafunga dirisha na kulala. Makaa yanatoa hewa yenye sumu ambayo haina harufu wala rangi. Inamwua mtu usingizini bila hata kukohoa. Msilale na jiko la makaa ndani, hata kama yamebaki machache, hata kama mtoto analia baridi. Ongezeni blanketi.

Kama mtatumia gesi, mtungi usimame wima, na mpira wake ukaguliwe. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, usiwashe kiberiti wala taa. Mfundisheni mzee kufunga gesi kwa mkono wake mwenyewe, si kuonyeshwa mara moja tu.

Jambo la pili ni upweke. Watu wengi hawalitaji, lakini linaumiza. Nyumbani mama aliamka akasalimiwa na watu kumi kabla ya chai. Katika ploti milango imefungwa, watu wako kazini, na mtu anaweza kukaa mpaka jioni hajasema neno. Basi wiki ya kwanza mtu wa jamaa ampeleke kwa majirani wa mlango wa kushoto na wa kulia, awaambie, "Huyu ni mama yetu, anakaa hapa, namba yangu ni hii." Mtafutieni jumuiya ya kanisa iliyo karibu. Kama kuna nafasi ya udongo, hata katika gunia, apande sukuma wiki. Mkono uliozoea jembe ukikaa bure unachosha moyo.

Na tatu, peleka habari hospitali. Kama alikuwa anatibiwa Kombewa, aombe barua ya kumhamisha na abebe kitabu chake. Bima ya zamani ya NHIF ilifungwa, na tangu Oktoba 2024 ni SHA. Hakikisheni amesajiliwa kabla hajaugua, si siku ya kulazwa.

KAZI YA KIKUNDI

Vikundi vyetu vina viti, sufuria na hema za matanga. Tunajua kukusanyika mtu akifa. Je, hatuwezi kukusanyika mtu akihama? Tulipoona yaliyompata mwenzetu tulikubaliana mambo haya, nanyi mnaweza kuyachukua:

- Mwanachama anayehama anatembelewa na watu watatu kabla ya siku ya lori. Wanauliza juu ya ufunguo, shamba, mifugo na karatasi.
- Halazimishwi kutoka katika kikundi. Mchango wake anautuma kwa M-Pesa, na zamu yake ya kupokea iko pale pale.
- Kila mwezi wawili wetu wanapita katika dala yake, wanaangalia paa, mchwa na mpaka, na wanampigia simu.
- Anayekwenda Kisumu kwa shughuli zake anapita kumsalimu, hata kwa nusu saa. Akibeba omena ama mboga za nyumbani ni vizuri zaidi.

ILIVYOKWENDA MARA YA PILI

Mama alikaa nyumbani wiki tatu, halafu kidonda kikamlazimisha kurudi Kisumu. Safari hii tulikaa naye kwanza. Watoto walikuja, na shemeji aliitwa, mbele ya mzee wa kijiji. Wengine wetu tulitaka kumgombeza shemeji. Mama akakataa. Akasema, "Huyu ndiye aliyebaki hapa. Nikimfukuza, nani ataona mwizi?"

Basi ikaandikwa karatasi. Shemeji atalima kipande kimoja, mkonge wa mpaka unarudi mahali pake, ng'ombe hawafungwi uani, na yeye ataangalia nyumba. Mpwa wake kijana analala katika simba na kuwasha moto. Ufunguo uko na mwekahazina wa kikundi. Sufuria kubwa ya matanga tumeachiwa sisi, na jina lake limeandikwa juu yake kwa rangi.

Nyumba mpya ni ya chini, vyumba vile vile viwili. Kodi imezidi kidogo. Ndani kuna kitanda, meza ndogo, viti viwili, mtungi wa gesi, na kile kiti cha mbao karibu na dirisha. Mjukuu wa kike anasoma shule iliyo karibu na analala naye. Kliniki ni mwendo wa kutembea polepole. Tulipomtembelea mara ya mwisho kidonda kilikuwa kinafunga. Mvua za masika zilipoanza alirudi Kombewa siku nne kupanda mahindi. Akalala katika kitanda chake, katika nyumba kavu.

Jirani alimwuliza njiani, "Mama, kwani ulishahama?" Akajibu, "Sijahama. Niko Kisumu kwa mguu."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu ni nani amekwenda kukaa mjini, na dala yake iko katika hali gani leo?
2. Kama ungepewa chumba kimoja, ungebeba vitu gani vitano? Mume na mke wajibu kila mmoja peke yake, halafu walinganishe.
3. Ni wangapi kati yetu wana hati ya shamba ambayo bado iko kwa jina la marehemu? Tutaanza lini kwenda kwa chifu?
4. Kikundi chetu kitamtembelea nani mwezi huu?